Simu Moja, Mtu Mmoja

Nilikuwa na miaka tisa nilipomchukia mama mkubwa kwa mara ya kwanza, na sababu yenyewe ilikuwa ukoko. Mama yangu alikuwa akifua mashuka hotelini Diani, hakuwa na pa kuniweka, akanipeleka kisiwani, Mkwiro, kwa dada yake. Katika nyumba ile chakula hakikufuata njaa ya mtu, kilifuata zamu. Alianza mgeni, na mgeni hakukosekana. Akafuata jirani aliyepita kuazima chumvi akakuta mchuzi umeiva. Wakafuata watoto wa watu. Mwisho kabisa tulikuwa mimi na binti yake, wakati huo ana miaka minne, tukikwangua sufuria na kugombania kichwa cha samaki changu ambacho nyama ya mashavuni ilikwisha kuliwa na wengine.

Siku moja nilisusa. Nikamwambia mama mkubwa kwamba huu ni uonevu, kwamba sufuria ni yake, samaki ni wake, kuni tumeokota sisi, na wanaoshiba ni watu wa nje. Hakunipiga. Aliniuliza, “Wewe ni mgeni hapa?” Nikasema la. “Basi kaa ule.” Nikakaa nikala pamoja na hasira zangu.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu sitaki mtu aje kunitetea kwamba sikujua. Nilijua. Nilikaa nyumba ile mpaka nikamaliza darasa la nane, na yule mtoto mwenzangu wa kukwangua sufuria ni mdogo wangu hasa, maana kwetu mtoto wa mama mkubwa ni ndugu, haitwi jina jingine.

Leo kazi yangu ni tovuti. Nimeajiriwa Diani na kampuni moja yenye nyumba za wageni, na mimi ndiye ninayetengeneza kurasa ambazo mtu wa Ulaya akizitazama anaona bahari kama rangi ya dirisha la msikiti na wala haoni mwani unaonuka. Sina mapenzi makubwa na kurasa hizo. Lakini kampuni ilianzisha mpango mmoja ambao hata mimi, mtu wa kununa, niliusifu: kila mwaka vijana kumi na wawili wa Kwale wafundishwe upishi na huduma za wageni, mwaka mzima, kula na kulala bure, na mwisho wake kazi. Masharti yalikuwa mawili. Uwe mkazi wa Kwale, na usizidi miaka ishirini na miwili. Maombi yalipokelewa kwenye tovuti peke yake, kana kwamba kila nyumba ya Kikoneni ina kompyuta sebuleni.

Mwaka wa kwanza tulichezewa mchana kweupe. Jamaa mmoja mwenye kibanda cha kompyuta Ukunda alituma mamia ya maombi kwa majina ya kubuni na nambari za vitambulisho za kubuni, ambazo sisi hatukuwa na njia ya kuzihakiki, kisha akawa anaziuza zile nafasi zilizopita. Meneja wetu alikaripiwa na wakubwa wake. Meneja ni mtu wa bara, mwenye haraka isiyokwisha, ambaye miaka yote aliyokaa pwani hajapata kumwamkia mzee wa langoni. Alikuja mezani kwangu na karipio lake likiwa bado la moto, akalimwaga kwangu, akasema mwaka unaofuata anataka mtu mmoja aombe mara moja, basi. Namna ya kufanya hivyo ilikuwa juu yangu.

Nikatafuta, nikapata programu huria. Maana yake ni kwamba msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, umeachwa wazi. Anayetaka ausome, autumie, aurekebishe, bila kumlipa mtu wala kumwomba ruhusa. Na kazi yake, nikisema kweli, ni umbeya. Mtu akifungua tovuti yako, programu inakihoji kivinjari chake kimyakimya: skrini ina upana gani, lugha gani, saa za nchi gani, aina gani za herufi zimo ndani. Inakiambia kichore picha ndogo isiyoonekana, kwa sababu kila chombo huichora kwa tofauti kidogo. Hakuna jibu moja linalomtaja mtu, lakini yakikusanywa pamoja yanatoa alama ndefu ya herufi na tarakimu ambayo ni nadra kupatikana kwenye simu nyingine. Ni kama jirani anayekujua kwa mlio wa makubadhi yako kabla hujapiga hodi.

Niliupenda msimbo ule. Niliusoma wote, mstari kwa mstari, kwa siku tatu, na nilijiona mtu. Nikaujaribu kwa simu yangu: nikafuta historia, nikafungua kivinjari kwa siri, nikabadilisha laini, na kila mara ukanitambua. Nikamwita meneja aone. Kwa mara ya kwanza alivuta kiti akaketi badala ya kusimama juu yangu, nami nikafurahi, jambo ambalo hadi leo linaniudhi.

Sasa ikabidi kutunga sheria. Programu inatambua tu, haiamui. Kuamua ni kwa aliyeiweka, na aliyeiweka ni mimi. Nikasema: simu moja, mtu mmoja. Ombi la kwanza kutoka simu fulani ni la haki, yanayofuata ni ya mwizi. Nakumbuka nilivyomweleza meneja kwa mdomo huu huu, kwamba mwenye simu hujaza lake kwanza, ndivyo binadamu alivyo, na yanayofuata nyuma ya la kwanza ni majina ya kubuni. Meneja akasema hiyo ni akili. Mimi, niliyekula ukoko miaka yote ile, ndiye niliyesema kwamba binadamu hujipakulia kwanza.

Sikukomea hapo. Ukimwambia mwizi kwamba umemshika, atakwenda kuazima simu nyingine. Kwa hiyo nikapanga asiambiwe. Kila atakayetuma, wa haki na wa hila, aone maneno yaleyale: “Asante. Ombi lako limepokelewa.” Kisha la haki liende kusomwa, na la hila lianguke kwenye folda ambayo hakuna atakayeifungua. Folda ile nikaipa jina, nikaiita Jalala. Jina ni langu, hakunitungia mtu, na nilicheka nilipoliandika.

Maombi yalifunguliwa wiki mbili, yakafungwa, yakasomwa. Majina kumi na mawili yakatoka, yakawekwa kwenye tovuti na kubandikwa kwenye ofisi za machifu. Mmoja alitoka Mkwiro, nami nikafurahi, kisha nikacheka peke yangu, kwa sababu alikuwa binti wa jirani ambaye mama mkubwa hajakaa naye kitako tangu mbuzi wa jirani huyo alipotafuna kanga zake mbili kambani. Salamu hupeana, mchuzi hupelekeana, maana jirani ni jirani, lakini kanga zile hazijasahauliwa.

Siku ya pili mdogo wangu akanitumia ujumbe wa sauti. Aliuliza kwa upole kama yale majina ni yote, kwa sababu lake hakuliona. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwaka ule ulikuwa wake wa mwisho kuruhusiwa kuomba, na mimi ndiye niliyempigia simu mara mbili kumhimiza ajaze mapema.

Nilitafuta jina lake kwenye maombi yaliyosomwa, sikuliona. Nikampigia, na nilikuwa na maneno tayari. Nilimwambia hakujaza. Akasema alijaza. Nikamwambia ungejaza ningekuona, mashine ile nimeitengeneza mimi, haikosei. Akaapa. Nikamwambia asimtaje Mungu katika uzembe wake, kwamba ndiyo tabia yake tangu utotoni kungoja kila kitu kiletwe, na mengine ambayo sitayaandika hapa. Akakata simu, na baada ya muda ikaja picha ya skrini yake. “Asante. Ombi lako limepokelewa.”

Ilikuwa sentensi yangu, na nukta nimeiweka mimi.

Nikalifungua Jalala. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba sheria yangu ilifanya kazi. Yule bwana wa Ukunda alikuwamo, kompyuta moja, maombi sitini na kitu, mengine kwa majina ya wachezaji mpira. Nilimshika kama nilivyokusudia, na hilo lilinifanya niichukie zaidi kazi yangu, maana laiti ingekuwa mbovu kabisa ningepata pa kujificha. Nikateremka chini. Nikakuta simu moja yenye maombi kumi na minane ndani ya Jalala, na moja lililopita. Yote kumi na tisa yalitoka Mkwiro, siku moja, kuanzia baada ya adhuhuri mpaka karibu na magharibi.

Simu yenyewe naijua. Niliinunua mimi nikampa mama mkubwa Idi iliyopita, kwa sababu ya zamani ilikuwa imefungwa kwa mpira. Ndiyo simu iliyokuwa na skrini nzuri mtaani pale, na nyumba yake iko mahali mtandao unaposhika. Basi wasichana walikuja, na yeye akawapokea kama anavyopokea watu. Nilizisoma saa moja baada ya nyingine. Wa kwanza ni binti wa jirani mwenye mbuzi. Wakafuata wa nyumba za mbali, kisha wa karibu, kisha wapwa. Wa kumi na tisa, chaji ikiwa bila shaka imebaki kidogo, ndipo mwenye simu akamruhusu mwanawe.

Fomu ilikuwa na swali moja la kuandika maneno yako mwenyewe, kwa nini unafaa. Wengi waliandika kwamba wao ni wachapa kazi. Mdogo wangu aliandika: “Najua kupikia watu wengi kwa chakula kichache.” Nilikaa mbele ya sentensi ile nikitaka kumpiga mtu, na mtu wa kumpiga hakuwapo zaidi ya mimi.

Nikatafuta mwingine. Kule ambako programu ile inatunzwa pana mahali pa watumiaji kulalamika, nami nikaandika kwa Kiingereza kikali nilichonacho. Nikawaambia programu yao imewanyima mabinti kumi na wanane haki yao, kwamba wao wameketi huko mbali, kila mmoja na simu zake tatu, hawajui kwamba kuna nyumba ambamo simu ni kama kinu, anayetaka hutwanga. Sikungoja sana. Mtu nisiyemjua akanijibu kwa adabu kwamba anasikitika, na kwamba programu inatambua kifaa, haitambui mtu. Kwamba jambo hilo limeelezwa kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, pamoja na ushauri kwamba alama hiyo isitumike peke yake kumnyima mtu kitu. Nikaenda nikatazama. Yapo. Nilikuwa nimesoma msimbo mzima nikayaruka maelezo, kama mpishi mjuaji. Katika programu ile hakuna kilichofichwa. Kilichofichwa nilikificha mimi, kwenye folda, chini ya asante.

Nikaenda kwa meneja. Nilimweleza yote, nikamwonyesha saa, nikamwambia tufungue upya, tuwasome wale kumi na wanane, tuombe radhi hadharani. Alinisikiliza akiwa anatazama simu yake, na akitazama simu yake mimi huhisi kumnyang'anya niitupe.

“Listi imetoka,” akasema. “Wakubwa wameshaiona, machifu wameshaibandika. Na hiyo sistemu si ni wewe ulitengeneza?”

Nikasema ni mimi. Akasema basi. Nikaendelea kusimama. Nadhani aliona sitaondoka, kwa sababu aliteremsha sauti akaniambia kwamba kuna mmoja wa Lungalunga amejitoa, ameolewa, nafasi yake iko wazi na haijatangazwa. Nimlete dada yangu Jumatatu, aingie kimya kimya, mambo yaishe. Alisema kama anayenifanyia hisani kubwa. Ninachotaka kukiri ni kwamba nilimshukuru. Nilitoka ofisini nikiwa nimepoa kabisa, wale kumi na saba wengine nimewasahau kwenye ngazi.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Shimoni nikavuka. Nilibeba mchele na sukari, vitu ambavyo sikuwa na desturi ya kubeba, maana kwenda kwa mama mkubwa nilikuwa nikienda mikono mitupu nikafungua mwenyewe kabati la vyombo. Nilimkuta uani anachambua mchicha, na mdogo wangu anafua. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipisha mkekani. Mdogo wangu aliniamkia bila kuinua macho kutoka kwenye karai.

Nikaeleza. Nilikuwa nimejipanga tangu kwenye gari, lakini maneno ya kazi yangu yalitoka mabaya mbele ya mchicha. Nikasema kuna programu, inazitambua simu, iliwekwa kuzuia wezi. Nikasema waliojaza kwa simu moja walihesabiwa mtu mmoja, wa kwanza akachukuliwa, waliobaki wakatiwa kando. Mdogo wangu akauliza kando wapi. Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia folda ile inaitwaje, na nani aliyeiita hivyo.

Mama mkubwa aliweka chini shina la mchicha.

“Hiyo programu yaijua simu yangu?”

“Ndiyo, mama.”

“Na mimi yanijua?”

“Hapana. Haijui mtu.”

“Lakini wewe wanijua.”

Hakusema kwa ukali, na laiti angesema kwa ukali. Nikakimbilia ile nafasi ya meneja kama anayekimbilia mlango. Nikasema nimeleta dawa, nafasi moja imepatikana, mdogo wangu aripoti Jumatatu, hakuna atakayejua. Mama mkubwa akaniuliza wale wengine kumi na saba atawaambia nini. Walijaza nyumbani kwake, kwa mkono wake, na yeye ndiye aliyewaapia kwamba yamefika kwa sababu simu ilisema yamefika. Wamwone sasa bintiye peke yake anachukua mfuko wa nguo anavuka? Watasema aliwafanya ngazi. Watasema yeye na mtoto aliyemlea, yule wa kompyuta, walipanga. Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: kama nilikuwa naona uchungu mdogo wangu kusonga mbele.

Hapo nikawaka. Sikuja kuitwa hasidi. Nikasema nimebembeleza ofisini mpaka nimedhalilika, nikasema huu ni mwaka wake wa mwisho, nikasema heshima haichemshwi ikaliwa, na kwamba nyumba hii imezoea kugawa mpaka watoto wake wanabaki na masizi. Nilisema na la kanga na mbuzi. Nilisema wana kiburi cha watu wasio na kitu. Sentensi hiyo naisikia hadi leo, na kila nikiisikia inakuwa kwa sauti ya meneja.

Mdogo wangu aliinuka kwenye karai, mikono yake ina povu. Nilidhani angenisaidia. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kila siku. Kama yupo aliyestahili kumgombeza mama yule ni yeye.

“Mlinitia jalalani,” akaniambia, “sasa mwaniokota. Siendi.”

Mama yake akamwambia afikirie, asikate kwa hasira. Akasema amekwisha kufikiri. Akaketi akaendelea kufua.

Mama mkubwa akanigeukia. Akasema wale kumi na saba hatawaambia yeye. Nitazunguka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, niwaambie kwa mdomo wangu yaliyotokea, asisalie mmoja anayengoja simu ya Diani. Nikazunguka. Kazi ile ilinichukua mpaka adhuhuri ikapita. Baadhi walinitukana, na wale niliwapenda. Mama mmoja aliniambia nilipaswa kuona haya, msomi mzima. Wengine walinikaribisha chai na kuniambia ndiyo bahati, Mungu atafungua pengine, ahsante kwa kuja kusema. Na hao waliniuma zaidi. Binti mmoja aliniuliza kama akipata simu yake mwenyewe mwakani mashine itamkubali. Nikamwambia itamkubali. Akauliza kama na miaka itamkubali, atakuwa na ishirini na mitatu.

Baadaye niliing'oa ile sheria. Programu yenyewe bado ipo, lakini siku hizi ikiona simu imejaza mara nyingi inaniita nikasome kwa macho yangu na nimpigie mtu, na ambaye ombi lake limekataliwa anaambiwa limekataliwa. Kikomo cha miaka hakikuguswa. Hilo si langu kuligusa, nimejaribu mara mbili na kujibiwa mara mbili. Nafasi ile ya aliyeolewa meneja alimpa mtu wake, simjui. Binti wa jirani mwenye mbuzi alimaliza mafunzo vizuri na sasa anapika katika hoteli moja ya Diani. Tukikutana ananiamkia kwa heshima, na namtafutia makosa bila kuyapata. Mdogo wangu anakaanga viazi karai Shimoni, pale wanaposhukia wageni wa visiwani.

Lakini siku ile niliporudi kutoka kwenye nyumba kumi na saba, nilikuwa nimechoka na nina njaa, na hasira ilikuwa imeniisha. Nilipitia uani kama kawaida yangu, nikaelekea jikoni. Mama mkubwa alinizuia mlangoni kwa ukarimu kabisa. Akasema jikoni kuna moshi, nikae ukumbini. Ukumbini palikuwa pametandikwa mkeka mpya, ule wa ukindu wa rangi ambao hutolewa mtu akija kuposa.

Nikaketi. Mdogo wangu akaja na birika na beseni, akapiga goti, akaninawisha mikono. Hakuwahi kuninawisha. Tulikuwa tukinawa pamoja mtungini, tukirushiana maji. Akatoka, akarudi na wali umefunikwa kwa kawa, na juu ya sahani yupo changu mzima, na kichwa chake, na macho yake, hajaguswa na mtu. Akasema, “Karibu.” Nikamwambia aje tule, nikamwita na mama yake. Kutoka jikoni mama mkubwa akaitika kwa ile sauti yake nzuri ya kupokelea watu, akasema nile tu nisione haya, wao watakula.

Nikajua nimefanywa nini. Niliumia nikataka kulia, na nikaona haya kulia mbele ya mkeka mpya. Wangenifukuza ningewajibu, wangenitukana ningetukana nao, ulimi ninao. Nikala samaki yule peke yangu, mashavu yote mawili, na huko jikoni nikawasikia wakikwangua sufuria. Nilikuwa nimengoja tangu nina miaka tisa nipakuliwe mwanzo katika nyumba ile.